Chai Niliyoionja Kwanza

Jagi bado lipo juu ya kabati la jikoni kwangu hapa Karatu, limefunikwa kitambaa na kufungwa mpira shingoni. Sijalimwaga. Mume wangu aliniuliza mara moja tu kama bado nalitunza, nikamjibu kwa ukali kwamba kama linamkera alimwage yeye. Hakulimwaga. Ni mtoto wa baba yake. Watu wa nyumba ile hawajui kumwaga kitu cha mtu.

Ndani yake mna chai iliyochachushwa. Wageni huiita kombucha, sisi kwenye jiko la loji tuliiita chai ya uyoga kwa sababu ya ule utando unaoelea juu, mnene, mweupe wa kijivu, unateleza mkononi kama ini la mbuzi. Chai yenyewe ni ya rangi. Unaitia sukari, unaiacha ipoe, unauweka utando, na baada ya muda sukari inaliwa na unabaki uchachu unaokunja uso. Watu huniuliza hadi leo kama inasaidia afya kweli. Zamani nilikuwa na jibu refu. Siku hizi namwambia anayeuliza ajiulize kwanza tumbo lake likoje, halafu nabadilisha mazungumzo, na anayenijua anaona kwamba nimekwepa.

Mimi ni mpishi wa loji moja kwenye barabara ya kupanda Ngorongoro. Kwetu ni Kilimanjaro, kazi ndiyo iliyonileta huku, na ndoa ikanibakiza. Tabia yangu nitaisema mapema ili mtu asije kushangaa mbele: nikishika jambo, nimeshika. Mama yangu alikuwa akisema mimi ningemlazimisha hata kuku kunywa maji mvua ikinyesha. Jikoni tabia hii inasaidia, kwa sababu wasaidizi wanaogopa na chakula kinatoka kwa wakati. Nyumbani kwa watu ni habari nyingine.

Utando wa kwanza nilipewa na mgeni, mama mmoja wa makamo ambaye mumewe alikuwa akishuka kreta kila asubuhi kupiga picha za ndege. Yeye alishachoka na ndege. Alibaki akizungukazunguka jikoni kwetu, na siku moja akatoa chupa kwenye mkoba wake akaniomba nafasi karibu na jiko, penye joto, ili chai yake isife. Nilidhani amechanganyikiwa. Lakini nilionja, na uchachu ule ulinikumbusha vitu vya kwetu, nikaomba kufundishwa. Alipoondoka aliniachia kipande cha utando, akasema kitu hiki hakiuzwi, mtu humkatia mwenzake. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikasema mwenyewe msemo huo mbele ya wenzangu, nikicheka, na wenyeji tukaanza kupona maradhi ambayo hatukuwa nayo.

Sitasema uongo, mimi ilinipendeza. Nilikuwa na tatizo la kufunga choo kwa sababu ya kula nikiwa nimesimama, na likaisha. Au niliona limeisha. Pengine ni kwa kuwa nilianza kunywa kitu mara kwa mara badala ya kukaa kutwa bila hata maji. Nikafungua simu nikasoma. Simu ilikuwa na kila kitu. Huyu anasema inasafisha ini, yule anasema inashusha sukari, mwingine inalainisha viungo, inatuliza tumbo, inang'arisha ngozi. Na kwenye simu hiyohiyo walikuwepo waliosema taratibu, si ya kila mtu, mwenye vidonda vya tumbo aulize daktari kwanza. Hao niliwaona. Niliwapita kwa kidole gumba nikaendelea na waliokubaliana nami.

Sasa nieleze habari za baba mkwe wangu, maana yote yanamhusu yeye.

Ni mkulima wa kijiji cha Daa, Mwiraqw, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyepandisha sauti. Analima mahindi na maharage ya ngwara, ana ng'ombe wachache anaowasemesha kwa kilugha chao kwa upole ambao sijawahi kumsikia mwanamume akimsemesha mtu. Pombe aliiacha ujanani. Wakati wa posa yangu alisafiri na wazee wenzake hadi kwetu Kilimanjaro, na kama ilivyo desturi, shangazi yangu akaja na kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Akasimama mbele yake, akanywa funda moja, akafuta ukingo kwa kiganja, akampa.

Baba hakunyoosha mkono. Mshenga akaanza kueleza kwamba mzee huyu hatumii. Mjomba wangu, ambaye kwa utani hana breki, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee, huku kwetu anayeleta kinywaji hukionja kwanza ili uone hakina kitu. Akishaonja, ukikikataa, umesema dada yetu ni mchawi."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Aliipokea ile kata kwa mikono miwili, akanywa, akamrudishia shangazi na kumshukuru. Baadaye nilisikia kwamba aliporudi Daa alikwenda mwenyewe kwa mchungaji wake kueleza kwamba amekunywa pombe, na kwa nini.

Nilipoletwa kama mke, maneno yalikuwa yamenitangulia. Yanajulikana yanayosemwa juu ya wanawake wa kwetu, kwamba tunapenda mali kuliko mwenye mali, na kwamba mume akifa mapema watu wasitafute mbali. Wanayasema kwa utani, na utani huo huwa na mizizi. Majirani wa Daa walikuwa wakinitazama mikono ninapopakua. Baba aliliona hilo kabla yangu. Siku ya kwanza nilipowapikia, ugali ulinishinda kwenye jiko la kuni la mama mkwe, ukatoka na madonge mabichi ndani. Majirani wakasita. Baba akaomba wa kwake uwe mkubwa, akaula wote mbele yao, taratibu, akalamba vidole. Kisha akaniambia, nao wakisikia, "Mwanangu, kwenu nimepajua. Kitakachotoka mkononi mwako sitakikataa."

Nililia siku ile kwa furaha. Nilijua nimepata baba. Sikuwaza kwamba ahadi ya namna ile inamtaka na anayepewa awe na akili.

Mwaka ule wa chai, Baba alianza kushika tumbo. Alikuwa na magoti mabovu ya siku nyingi. Kila akipita mjini siku ya mnada alinunua vidonge vya maumivu duka la dawa, akavimeza kama karanga. Miaka ile watu walipomiminika Samunge, kule Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya miujiza, naye alipanda lori na majirani zake akaenda, akarudi, na alipoulizwa alisema tu kwamba safari ilikuwa nzuri na milima ya kule ni mizuri. Nilikuwa nikimtania sana kwa hilo. "Baba, yaani ulikwenda hadi Loliondo kutazama milima?" Anatabasamu. Mimi msomi wa simu, ninayemcheka mzee kwa kikombe chake, ndiye niliyemletea kikombe kingine hadi mlangoni.

Aliposema tumbo linawaka hasa akiwa na njaa, sikumuuliza tangu lini, wala anakula nini, wala vidonge vile anameza vingapi. Jibu nilikuwa nalo tayari, na mwenye jibu haulizi. Siku yangu ya mapumziko nilijaza dumu dogo nikapanda bodaboda hadi Daa.

Tulikaa nje, upande wa ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, kwa sababu Daa ni baridi na wazee wanalifuata jua kama paka. Kulikuwa na majirani wawili watatu waliokuja kuazima jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nilimimina kikombe, nikampa. Alikinusa. Mkono wake ukarudi kidogo, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Ni nini hii, mwanangu?"

"Ni chai, Baba. Imechachushwa tu. Ni dawa ya tumbo."

"Inanuka kali."

"Dawa ni kali."

Bado alisita. Nami, kwa ujanja ambao wakati ule niliuona ni utani mzuri, nilikichukua kikombe kutoka mkononi mwake, nikanywa funda, nikafuta ukingo kwa kiganja kama shangazi yangu, nikamrudishia huku nikicheka. "Haya Baba. Nimeonja."

Majirani walikuwa wanatazama. Baba alinitazama mimi, akawatazama wao. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

Nimeyarudia haya kichwani mara nyingi kuliko ninavyorudia sala zangu. Nilikuwa najua ninachokifanya. Sikujua madhara, hilo ni kweli na najitetea nalo ninapochoka. Lakini kwamba namfungia mlango wa kusema hapana, nilijua, na nilifurahi kwamba nimeupata ufunguo.

Basi ikawa ada. Kila nikipata mapumziko, dumu na mimi tunakwenda Daa. Naonja, napokeza, anakunywa. Namwachia iliyobaki na kumwambia anywe asubuhi kabla ya kula, maana ndivyo simu ilivyosema. Nikirudi swali langu la kwanza, hata kabla ya salamu kwisha, ni "Baba, umeimaliza?" Anajibu, "Nimeimaliza, mwanangu." Na alikuwa ameimaliza kweli. Yule mzee hasemi uongo. Nikaona maendeleo. Nikaanza kuiacha ichachuke zaidi ili iwe na nguvu, mpaka ikawa hata mimi nikionja meno yanasisimka. Kule loji nikawa nawasimulia wenzangu kwamba baba mkwe wangu, mzee wa shamba, anaikubali kuliko wazungu.

Dalili nilizipata zote. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Ugali alianza kuuacha, akawa anakula viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa. Siku moja tulipokuwa tunachambua ngwara, mama mkwe wangu aliniambia bila kuinua macho kwenye ungo, "Baba yenu siku hizi halali."

"Halali kwa nini, Mama?"

"Tumbo."

Nami nikamjibu, na ningelipa chochote kuyarudisha maneno hayo, "Ndiyo dawa inafanya kazi hiyo, Mama. Sumu inatoka."

Mama aliendelea kupepeta. Ni mwanamke anayejua kukaa kimya kwa namna inayosikika, na mimi nilisikia, nikajitia uziwi.

Asubuhi moja nilikuwa nawafungia wageni chakula cha kushuka nacho kreta, mayai ya kuchemsha na mapaja ya kuku, mume wangu akapiga simu. Yeye ni fundi wa gereji, hapigi saa za kazi. Alisema Baba ametapika. Nikasema wampe maji. Akasema, "Ametapika kitu cheusi, kama masimbi ya kahawa. Na ameanguka." Nilishafanya kozi ya huduma ya kwanza pale kazini, nilijua matapishi ya namna hiyo ni damu ya tumboni. Niliweka kuku chini nikatoka na aproni yangu mwilini.

Walimleta hospitali kwenye gari la jirani, amelazwa kiti cha nyuma, miguu mirefu imekunjwa, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nilipomshika mkono ulikuwa baridi na umelowa. Alifumbua macho akaniona, na jambo la kwanza alilofanya ni kujaribu kuketi vizuri.

Wakamtundikia damu. Ilikuwa ya mume wangu na ya jirani mwenye gari. Daktari alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaja kusimama kando ya kitanda na maswali yake. Tulikuwepo sote: mama mkwe, mume wangu, mimi, na yule jirani, ambaye alikuwa mmoja wa waliokuwa pale ukutani siku ya kwanza.

"Mzee, unatumia pombe?"

"Hapana."

"Dawa za maumivu?"

"Za magoti. Kidogo."

"Kuna kitu kingine chochote ulichokuwa unakunywa? Dawa za mitishamba? Chochote."

Jirani alikuwa amenikazia macho, na mimi nikatazama shuka. Nilingoja kusikia jina langu. Kwa kweli, kuna sehemu yangu ilitaka aseme, ili yaishe.

"Chai tu," alisema Baba.

"Chai ya maziwa au ya rangi?"

"Ya rangi. Ya hapa nyumbani."

Daktari akaandika. Mume wangu akanitazama, akageuka dirishani. Na mimi, mpishi ninayewafokea watu jikoni hadi sufuria zinatetemeka, sikutoa sauti. Mzee aliyetapika damu alikuwa ametumia nguvu zake zilizobaki kunikinga na mdomo wa jirani, na nilimwacha anikinge. Nilisubiri daktari atoke, nikahesabu kwamba ameshafika mbali na mlango ule, ndipo nikamfuata kwenye korido.

Nilimwambia yote. Nilieleza utando, sukari, uchachu, kabla ya kula. Nilitaka akasirike. Alinisikiliza akiwa ameegemea ukuta, kisha akasema, "Dada, sitakudanganya. Vidonda alikuwa navyo kabla, na vidonge vile vya magoti peke yake vinatosha kabisa kumfikisha hapa. Siwezi kukwambia ni chai yako. Ila kitu kichachu, kwenye kidonda, tumbo tupu, kila siku... Ungepaka limau jeraha la mkono?"

"Hapana."

"Basi."

"Kwa hiyo ni mbaya? Hii chai?"

"Kwa mtu mzima mwenye afya, akinywa kidogo, na imetengenezwa kwa usafi, pengine haimdhuru. Kama inamsaidia, sijui. Wengi wanaosema wanajua, hawajui." Akapangusa macho. "Mzee hakuwa anakwambia kwamba inamuuma?"

Jibu la swali hilo nililipata saa chache baadaye, nyuma ya wodi, kwenye kile kibanda ambako ndugu wa wagonjwa hupika. Mama mkwe alikuwa akichochea uji. Niliketi kwenye tofali karibu naye nikaanza kulia, nikasema, "Mama, mbona hakusema?"

Mama alichochea mpaka uji ukachemka, akaepua, ndipo akanijibu. Alisema kila nilipoondoka, Baba alikwenda nyuma ya zizi akainama, akashika mti, mpaka maumivu yapite. Kwamba yeye alitaka kumwaga ile chai, au kumpa ndama, akamkatalia. "Akaniambia, atauliza kama nimeimaliza, nami sitamdanganya mtoto. Nikamwambia, basi mwambie hutaki. Akasema, ameonja mbele yangu. Nikikataa leo, watu watasema mzee naye ameanza kumwogopa."

Nikauliza kwa nini yeye mwenyewe, Mama, hakuniambia wazi.

"Nilikwambia," akasema. "Kwenye ngwara."

Hakuwa na hasira. Akanipa kikombe cha uji nimpelekee.

Baba alipona, niseme hivyo haraka ili nisimtie mtu hofu. Walimtibu wadudu wa tumboni wanaoleta vidonda, wakampiga marufuku vile vidonge vya magoti, sasa anachua kwa mafuta na kutembelea fimbo, na anailaumu fimbo kwa kila kitu. Kwenye familia hakuna aliyenigombeza. Nilikuwa tayari kwa kikao, kwa wazee wa ukoo, kwa faini ya mbuzi, nikanyimwa hata hiyo. Jirani mwenye gari aliulizwa na watu mzee aliumwa nini, nami mwenyewe nilimsikia akijibu, "Magoti." Nadhani Baba alikuwa ameshazungumza naye.

Kazini niliacha kuitengeneza. Mgeni mmoja, kijana wa kufanya mazoezi tangu alfajiri, aliniambia amesikia tuna kombucha ya kienyeji, akaanza kunieleza faida zake. Alikuwa nazo zote, kwa mpangilio uleule wa kwenye simu yangu. Nilimsikiliza nikiona aibu kana kwamba ninasikia sauti yangu imerekodiwa. Nikamwuliza kama ana vidonda vya tumbo. Akacheka, akasema hana. Nikamwambia basi kwake huenda ni kinywaji tu, na akaonekana kusikitika kuliko kama ningemwambia ni sumu.

Hilo ndilo jibu langu, kama bado kuna anayelitaka. Ni kinywaji. Inawezekana kina mema yake. Sijathibitisha na sijakanusha. Hata ubaya wake kwa Baba sitaujua kamwe, na kutojua huko ndiko kunakonitesa, kwa sababu ningejua kwamba ni chai, ningeitubu chai. Sasa inanibidi niitubu mikono.

Jambo moja ndilo nililokuwa nikiliogopa: kumpa Baba kitu kwa mkono wangu. Nilianza kwenda Daa mikono mitupu. Nilikaa na Mama jikoni, nikafua, nikapepeta, lakini kumpakulia Baba nilimwachia Mama. Chakula nikakipika, akipeleke mwingine. Baba aliliona, kama alivyoliona lile la majirani. Siku moja alimtuma Mama kuniambia kwamba mzee anataka uji, na anataka niuchemshe mimi.

Nilichemsha uji wa ulezi. Nilikuwa na wasiwasi kama siku ile ya ugali. Niliogopa sukari, niliogopa limau, niliogopa maziwa yasije yakawa yamelala, nikaishia kutotia karibu kitu. Nilipotoka nje alikuwa palepale ukutani, kwenye jua, fimbo magotini, ametazama mashamba yaliyoshuka kijani kibichi hadi bondeni. Nikamfikia. Mkono wangu, kwa mazoea ya kuzaliwa nayo, ukaanza kukiinua kikombe kukipeleka mdomoni kwangu.

Nikausimamisha. Nikamnyooshea kikombe bila kuonja.

Baba hakupokea. Akasubiri. Kisha akauliza, "Mbona huonji?"

"Sionji leo, Baba."

"Kwa nini?"

Maneno niliyoyapanga njia nzima yalinipotea. Nilisema kama yalivyokuja. "Nikionja huwezi kukataa. Nilijua huwezi, Baba, nikaonja makusudi. Karibu nikuue kwa heshima yako mwenyewe. Nataka uweze kuniambia hapana."

Kuku wa Mama walipita, wakarudi. Baba hakuniambia kwamba si kosa langu, nami namshukuru kwa hilo, maana nisingemwamini tena. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili kama kawaida yake, akakisogeza puani, akanusa. Akanywa funda dogo. Akakaa nalo mdomoni, akalimeza kwa taabu.

Halafu akanirudishia.

"Hapana," akasema. "Huu siutaki. Hauna sukari, na umeuunguza."

Tangu niingie nyumba ile, kwa ugali wenye madonge na wali uliokauka na dumu kwa dumu la uchachu, lilikuwa ndilo neno hapana la kwanza kutoka kwa mzee yule kuja kwangu. Alilisema kwa sauti, na Mama akalisikia hadi jikoni, akacheka. Mimi nilibaki nimesimama na kikombe, machozi yananitoka, nikauonja ule uji mwenyewe. Ulikuwa umeungua kweli.

"Kapike mwingine," Baba akasema. "Nitangoja."